Shimo Lenye Mwanandani

Moa,
Wilaya ya Tanga.
9 Aprili 1953

Mpendwa kaka yangu Zubeiri,

Shikamoo, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko Lindi, wewe na wifi na huyo mtoto wenu ambaye huku kwetu tunamjua kwa jina tu. Je, ameshaanza kutembea? Amefanana na nani? Na kikohozi chako cha vumbi la chokaa kimepungua, au bado unakisingizia tumbaku ya wenzako?

Sisi huku hatujambo kwa jumla. Idarusi ni mzima, na mgongo wake ndio ule ule, unauma siku ya kazi na kupona siku ya ngoma. Watoto hawajambo. Semeni ameng'oka meno ya mbele, kila analosema linatoka na upepo, na ukimcheka ananuna mpaka jioni. Mama ni mzima wa mwili. Nimeandika wa mwili kwa makusudi, nitakufikisha huko, nivumilie.

Najua utashangaa kuona karatasi nyingi hivi. Umezoea vijibarua vyangu vya tumepokea, ahsante. Leo kaa kitako, umwambie wifi akutilie chai, kwa sababu haya siwezi kuyasema kwa ufupi na hakuna mwingine wa kumwambia.

Nianze na mepesi. Shangazi yetu wa Nguvumali amegombana na mwenye nyumba wake, wakapatana, wakagombana tena, na sasa wanakula sahani moja. Ameniletea kitambaa cha gauni la Semeni na maneno mengi juu ya jinsi ninavyokonda. Nazi zimezaa vizuri mwaka huu, ila mbata hazikauki. Mvua imewahi, na jua likitoka ni kama limeazimwa, mwenyewe anakuja kulichukua kabla hujageuza mbata upande wa pili.

Hewa ya huku siipendi, kaka. Kuna joto la kunata ambalo mvua haiondoi. Kisima chetu kimeanza kuwa na ladha ya chumvi, na Idarusi anajitia hamnazo, anasema ni ulimi wangu. Kaa wamepanda mpaka jikoni, naondoa mmoja kwenye kuni kila asubuhi. Watu wanazungumza juu ya tufani ya kwenu kama mgeni aliyeahidi kuja, maana wiki ijayo mwaka unatimia tangu ilipowapiga, na kila mtu anatazama baharini halafu anatazama paa lake.

Sasa jambo lenyewe. Ile barua yako uliyotuandikia baada ya tufani niliisoma barazani mbele ya watu wote, kama ulivyotaka. Nilisoma jinsi mabati yalivyoruka, jinsi ulivyoshukuru kwamba wifi alikuwa amekwenda kujifungulia kwao, na jinsi ulivyokimbilia lile shimo la zamani la kuchimbia mawe nyuma ya nyumba, ukajibanza katika pango la ubavuni mwake huku minazi ikianguka juu yako. Mama alilia. Akaniambia nirudie kusoma, akalia tena pale pale alipolilia mara ya kwanza. Kwa hiyo ulipotuamuru nasi tuchimbe shimo la kujificha, la kina cha mtu kusimama, lifunikwe kwa mbao, na chini ubavuni tuache mwanandani ya kujibanza upepo ukizidi, hakuna aliyebisha. Hata Idarusi hakubisha, na wewe unamjua.

Lakini kaka, hukuandika chumba, wala pango, wala shubaka. Uliandika mwanandani. Nadhani naelewa kwa nini. Mtu aliyelala humo kutwa nzima akingoja kufa, neno jingine halimjii. Ila watu wa hapa wanajua mwanandani ya mahali pamoja tu, ubavuni mwa kaburi upande wa kibla, pale anapolazwa maiti kabla ya kufunikwa viunza, zile mbao fupi za kaburini. Neno hilo moja ndilo lililotufikisha hapa tulipo. Sikulaumu, nakueleza tu.

Masika yalipokuwa yanakaribia, Idarusi alishika jembe akakutana na mwamba, na mgongo ukapata sababu. Ikabidi tumtafute Mwinyijuma. Unamkumbuka, mchimba makaburi wetu, yule aliyemchimbia Baba. Ndiye peke yake mwenye mtaimbo mzuri, tena anajua mahali mwamba ulipo laini. Idarusi akamtumia salamu kwa mpita njia, kwamba tunataka shimo lenye mwanandani, uani kwetu, tafadhali afike mapema.

Alifika mapema. Alifika na mtaimbo begani na kofia mkononi, na nyuma yake majirani wanawake wamejitanda kanga tayari kwa kulia. Akamshika Idarusi mkono, akauliza kwa sauti ya chini, "Aliyeondoka ni nani?"

Tulicheka, kaka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wale wanawake hawakucheka hata kidogo, walikunja kanga zao wakarudi makwao wamekasirika, utadhani tumewanyima kitu walichoahidiwa. Mwinyijuma mwenyewe alitabasamu kwa adabu, akakubali kazi. Ila alisema hajui kuchimba bila kipimo, tumpe kipimo cha mtu.

Mume wangu ni mtu mwema, lakini ulimi wake hutangulia akili. Akamwambia ampime Mama, kwa kuwa ndiye mrefu kuliko sisi sote. Shimo likimtosha Mama litatutosha wote. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, ndiyo maana hakuna aliyemzuia.

Mama alikuwa amelala kidogo uani, kwenye kitanda chake cha kamba, baada ya chakula cha mchana. Yule mzee kwa heshima hakutaka kumwamsha. Alisokota kamba ya ukindu, akamwinamia, akampima kutoka utosini mpaka kisiginoni, akafunga fundo. Ndivyo anavyopima siku zote, na watu anaowapima hawaamki. Mama aliamka.

Hakupiga kelele. Aliitazama kamba, akamtazama Mwinyijuma usoni, akauliza kama alasiri imeshaingia. Kisha akainuka kwenda kutawadha. Mimi nilikuwa mlangoni na ungo wa mchele, kicheko changu bado kimo mdomoni, nikakimeza.

Mwinyijuma alichimba vizuri mno. Mtu huchimba anavyojua, na yeye alichimba anavyojua. Shimo likalala sawasawa na kibla, kuta zimenyooka, na mwanandani chini upande ule ule wa siku zote, kwa kipimo cha Mama na si zaidi. Halafu akaja Luka, fundi seremala wa kule kwenye mkonge, kutengeneza kifuniko. Luka ni Mkristo wa bara, hajui viunza ni nini. Alikata mbao fupi fupi za kukingama kwa sababu ndizo alizokuwa nazo, na alipozipanga shimoni kuzijaribu, Idarusi aliomba radhi akaenda kukaa barazani. Kila mtu alikuwa amefanya kazi yake kwa nia njema, na kazi zao zilipokutana likatoka kaburi.

Na ile kamba. Unajua kwamba kamba ya kipimo hairudi nyumbani, inabaki na mwenyewe. Mwinyijuma alipomaliza aliikunja akaiacha mwanandani, kwa mazoea tu. Tulipomwita aje aitoe alikataa, alisema tangu azaliwe hajawahi kutoka nayo na haanzi leo. Idarusi akataka kuitupa motoni. Mama akamwambia taratibu aiache kamba yake.

Tangu hapo nyumba yetu imebadilika. Majirani waliokuwa wakipita uani kwenda kisimani sasa wanazunguka kwa mbali. Nikitoka na ndoo wananisalimu vizuri, wananiuliza habari za Mama, lakini macho yao yako nyuma yangu. Tulimwita mwalimu wa chuo cha Kurani cha watoto atupe neno. Akasema shimo ni shimo, hakuna sheria inayokataza mtu kuchimba uani kwake, na hayo mengine ni maneno ya wanawake. Alisema hivyo akiwa amesimama mbali, kwenye mpapai, wala hakusogea kutazama ndani. Uji wake hakuumaliza.

Jirani mmoja mtu mzima alinishauri tuzike mgomba humo, ili shimo lipate mwenyewe, liache kungoja. Mimi ningekubali, kaka, sikufichi. Idarusi alikataa. Alisema tukizika mgomba itabidi tufukie, tukifukia hatuna pa kujificha, na kazi yote imekwenda bure. Nilimkasirikia.

Wakati huo Mama alikuwa hataki hata kulitazama. Alihamisha kitanda chake upande wa pili wa nyumba. Nilimbembeleza, nikamsomea tena barua yako, nikamwambia tazama, Zubeiri aliingia kama humu na yuko hai. Alinisikiliza kwa upole ule wake wa kumkatisha mtu tamaa, halafu akaniuliza kama nimelisha kuku.

Kisha ukaja upepo. Ilikuwa baada ya adhuhuri, mwezi uliopita. Mbingu iligeuka rangi ya bati bovu, kuku wakaingia ndani wenyewe, na ghafla makuti yakaanza kunyanyuka kama mtu anafunua sufuria. Nilikamata watoto, tukashuka. Idarusi alirudi kumchukua Mama. Alitaka kumbeba, Mama akashika mguu wa kitanda kwa mikono miwili, na wewe unajua nguvu za mikono ile. Akamwambia, "Mie nshapimwa, baba. Nikishuka humo sitoki. Nenda kakae na wanao."

Idarusi akarudi peke yake. Tukakaa shimoni, mbao juu yetu, tukisikia paa likichanika na nazi zikidunda. Watoto walilia wakachoka. Mimi nilikuwa namhesabu Mama, kaka, namwambia Mungu kila kishindo kwamba bado yuko, bado yuko. Siku nyingine zote za maisha yangu sijapata kuogopa hivyo.

Haikuwa tufani, ulikuwa upepo wa masika uliopotea njia, ukaisha kabla ya alasiri. Tulimkuta Mama kitandani pake, ameloa chapachapa, nusu ya paa haipo, anatazama mawingu. Alikuwa mtulivu kuliko sisi. Aliomba kanga kavu. Shimo lenyewe lilifanya kazi yake, nakwambia kama fundi kwa fundi, halikuingia tone. Ingawa juzi maji ya bamvua yalipojaa sana nilishuka nikakuta chini kuna unyevu, na nilipoonja kidole kilikuwa na chumvi. Hilo sijamwambia mtu ila wewe.

Sasa sikia lililofuata. Siku chache baada ya upepo ule nilimkosa Semeni mchana. Nilimwita kila mahali. Mama ndiye aliyemwona. Mtoto alikuwa ameshuka shimoni kukimbia joto, akajilaza mwanandani kwenye mchanga wa baridi, akapitiwa na usingizi, ile kamba ya ukindu ameishika mkononi kama kamba ya kurukia. Mama alisimama ukingoni muda mrefu. Hakumwita. Alishuka mwenyewe, yeye ambaye alikuwa hataki hata kulitazama, akamfungua vidole taratibu, akaitoa kamba, ndipo akamwamsha.

Kuanzia siku hiyo Mama akalipenda shimo. Analifagia asubuhi na jioni. Anashuka na kupanda bila kushikwa. Amekirudisha kitanda chake uani. Watoto amewakataza kabisa kusogea, na Semeni alipojaribu alichapwa, yeye ambaye Mama hajawahi kumgusa. Mimi na Idarusi tulifurahi, kaka. Tuliambiana kwamba mtu mzima ameshazoea, sasa hata tufani ikija hatuna wasiwasi. Idarusi alitaka hata kwenda kujisifu kwa Mwinyijuma.

Juma lililopita Mama alikwenda kumjulia hali mgonjwa, nikashuka kupeleka mtungi wa maji na biskuti za watoto, tuwe tayari. Nikapapasa mwanandani nipate mahali pa kuweka taa. Mkono wangu ukagusa nguo. Nikavuta. Ni sanda yake, kaka, ile aliyoinunua alipokufa Baba, iliyokuwa chini ya sanduku lake. Imekunjwa vizuri. Ndani yake kuna pamba, kafuri, na kile kichupa cha marashi alichotuzuia kukigusa tulipokuwa wadogo. Na kamba imenyooshwa juu ya mchanga, mwanzo wake kichwani, fundo miguuni. Nilivirudisha vyote kama nilivyovikuta. Mikono yangu ilinuka kafuri siku nzima, nikapika wali hakuna aliyeula.

Aliporudi nilimuuliza. Sikuweza kujizuia, nilimuuliza huku nalia. Hakukasirika. Alinikalisha kwenye kitanda chake, akanifuta uso kwa kanga yake kama mtoto.

"Shimo limeshafunguliwa, Asmahani," alisema, "na mie nshapimwa. Lisiponipata mie litatafuta mwingine, na yule mtoto limeshamwonja. Siku ya tufani n'tashuka nanyi kwa miguu yangu, msinibebe. Nyie kaeni shimoni, mie n'taingia mwanandani. Ikitulia mtoke, mpange mbao, mfukie."

Nikamwambia, Mama, na kama bado u hai?

"Basi msiniite," akasema, "nisije nikaitika."

Ndivyo alivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Halafu akaniambia niende nikatazame maharage, yanaungua. Na kweli yalikuwa yanaungua.

Nimemwambia Idarusi. Alfajiri nilimkuta amesimama ukingoni na koleo, anataka kufukia, na mimi ndiye niliyemshika mkono. Paa letu tumeliziba kwa makuti mabichi na maombi. Tukilifukia shimo, tufani itatukuta na watoto uani, hatuna pa kukimbilia. Tukiliacha, Mama amo. Tumelizungumza kila upande, kaka, na kila upande kuna mlango mmoja tu.

Usidhani amerukwa na akili. Ningefurahi kama angekuwa amerukwa, ningemwonea huruma nikamfunga. Anapika, anatania, anamdai jirani ungo wake. Amekaa mle ndani ya uamuzi wake kama mtu aliyepata nyumba. Anadhani ananunua uhai wa Semeni, na mimi mama wa Semeni nifanyeje? Kuna usiku nimejikuta nashukuru. Nimekuandikia hili ili ulijue, nimeona haya sana.

Lakini juzi limetokea jambo dogo, na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Tulikuwa tunachambua mchele, na Mama bila kuinua uso akauliza, "Zubeiri alitokaje?"

Nikasema, alitoka wapi? Akasema mle, huko Lindi, alitokaje. Niliacha ungo nikakimbilia barua yako, nikamsomea upya. Umeeleza ulivyoingia, umeeleza giza na sauti, umeeleza ulivyosoma dua zote ulizozijua na nyingine ulizozitunga. Kisha umeandika Mungu akaniokoa, na mstari unaofuata unaomba tukuletee mafuta ya nazi. Hukuandika ulivyotoka. Mama alikuwa amesogeza sikio, anangoja. Ikabidi nimwambie sijui, haikuandikwa. Akasema ehe, akarudi kwenye mchele wake.

Lakini aliuliza, kaka. Tangu apimwe hajauliza kitu kingine juu ya shimo lile. Mtu aliyekwisha kuamua kabisa haulizi habari za kutoka. Pale kuna ufa mdogo, na mimi nimeshindwa kuingiza hata kidole, kwa sababu sikuwahi kulala humo nikaamka.

Kwa hiyo nakuita uje. Panda meli mpaka Tanga, lala kwa Shangazi Nguvumali, na asubuhi utapata lori la mkonge linalokuja huku. Sikuiti kujenga wala kuchimba. Nakuita ushuke shimoni mchana kweupe, Mama akiwa amesimama ukingoni. Ulale mwanandani kama ulivyolala Lindi, kisha utoke kwa miguu yako, na ile kamba utoke nayo mkononi. Wewe ndiye uliyeliandika lile neno. Kwangu anaona machozi tu, wewe anaweza kukugusa.

Kama kazi inakubana huwezi kuja, basi andika ulivyotoka. Usiandike Mungu akaniokoa, hilo tunalijua na tunamshukuru. Andika mguu gani ulitangulia, nani alikushika mkono, nani alikuita jina lako ukaitika, nini ulikiona kwanza. Jaza karatasi nzima. Nitamsomea mle mle shimoni, na upepo ukiwahi nitasoma kwa kupiga kelele.

Wakati naandika haya hewa imesimama kabisa. Jani la mpapai halitikisiki. Kuku wamekaa chini ya kitanda tangu asubuhi na sasa hivi ni saa za chakula. Mama yuko uani, anafagia shimo, namsikia ufagio.

Msalimie sana wifi, na umpakate mtoto kwa niaba yangu. Idarusi anakusalimu, anasema umsamehe kwa ule ulimi. Shangazi anakusalimu na kukukumbusha kwamba tangu uondoke hujamwandikia hata mstari. Luka seremala anasalimu. Semeni anataka umletee filimbi, nimemwambia apige kwanza pengo lake.

Mama anakusalimu kuliko wote. Amenikalia karibu nilipoanza kuandika akanikataza kukuita. Anasema ukae huko huko na mkeo, usije ukashuka humo kabla yake. Aliniuliza kama nimeandika hivyo. Nimemwambia nimeandika. Kaka, njoo.

Mungu aliyekuingiza pale pagumu akakutoa salama asituchoke, atuingize sote kwa wema na atutoe sote kwa wema, amin.

Wako akupendaye, anayekutazamia njiani,

Nduguyo Asmahani